Buluu Aliyoitaka Ondiek

Kwa habari ya mapazia, neno la Nduta lilikuwa sheria Kisumu. Alikuwa ameuza vitambaa katika soko la Kibuye miaka kumi na tisa, na mteja hakumaliza kueleza nyumba yake kabla Nduta hajamkatia mita anazohitaji. Ndiyo maana mumewe, Ondiek, aliposema chumba chao cha kulia kipakwe buluu iliyokolea, alimcheka.

"Chumba ni kidogo, Mwalimu. Ukileta giza tutakula tukipapasa sahani."

Ondiek, mwalimu mpole asiyejua kubishana na mtu mzima, alirudia ombi lake kila Krismasi kwa miaka saba. Kila Krismasi rangi ya maziwa ikashinda.

Mwezi wa pili Ondiek akafa asubuhi, akifunga kamba za viatu. Nduta alimsindikiza hadi kwao Asembo Bay, na huko ndiko mambo yalikoharibika. Kwa Wajaluo, mjane huingia boma la wakwe kwa nduru, na wanawake wenzake humpokea kwa kilio. Walikuwa wamejipanga langoni wakimsubiri aanze. Nduta alishuka, akafunga mlango wa gari taratibu, akawasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Kwao Nyeri watu huzikwa kimya, lakini tusimtafutie visingizio: hakuwa na kilio cha kutoa. Ndani palikuwa pamekauka. Mazishi yakaisha bila chozi hata moja, na mama mkwe, aliyekuwa akimwita binti yangu, akaanza kumwita yule wa marehemu.

Miezi miwili baadaye Lorine, dada ya Ondiek na mama wa Tom, alipiga simu kwamba angekuja Jumamosi. Hakusema anafuata nini na hakuulizwa. Alitumwa kuona kama mjane anaomboleza. Habari atakazopeleka Asembo ndizo zingeamua kama Nduta bado ana mlango katika boma lile, ambamo alitaka siku moja naye alazwe kando ya mumewe.

Mwanamke mwenye akili timamu angetafuta nguo nyeusi na kukaa ameinamisha kichwa. Nduta alimwita Bildad, fundi wa rangi wa Otonglo. Alijua watasema nini, na kujua huko hakukumshtua, kwa sababu siku hizo hakuna kilichomshtua. Alitaka tu kuhisi kitu. Alidhani akimpa Ondiek alichomnyima, huenda kitu kikafunguka.

"Mama, hii rangi inataka kupigwa mara tatu," Bildad alimwonya. "Na ikikuwa giza, usiniulize mimi."

"Piga."

Mapazia aliyashona mwenyewe, ya manjano mazito. Ijumaa fundi alipofunga ndoo zake, Nduta alisimama mlangoni akatazama. Chumba kilikuwa kizuri. Kuta zilikuwa kama zimerudi nyuma hatua moja, na ile meza ya mvule, iliyoonekana kuukuu miaka yote, sasa ilikuwa na wekundu wa joto. Yeye, bingwa wa Kibuye, alikuwa amekosea miaka saba, na wa kumwomba msamaha hayupo. Alingoja. Hakuna kilichokuja. Akaenda kuosha vyombo.

Lorine alifika saa sita mchana, akakwama mlangoni na mkoba wake begani.

"Nyar Okuyu," alisema, kama walivyomwita tangu aolewe, binti wa Wakikuyu. "Unapaka nyumba? Ndugu yangu hata nyasi haijaota kwa kaburi yake."

"Ni yeye alikuwa anataka hii rangi, Mama Tom. Miaka saba nilimkatalia. Nikafikiria nikimpakia, nitalia."

"Na umelia?"

"Bado."

Angeweza kudanganya, lakini uongo nao ni kazi, na Nduta alikuwa amechoka. Akapakua ugali na samaki, ngege wa mchuzi. Lorine alikula, macho yakizunguka ukuta hadi ukuta, yakirudi kwenye kiti kilichobaki wazi. Katikati ya chakula simu yake ikalia. Alikuwa mama mkwe. Walizungumza Kijaluo, na ingawa Kijaluo cha Nduta kilikuwa cha sokoni, kilimtosha.

"Analia, mama," Lorine alisema, akimtazama Nduta machoni. "Tangu nifike. Ninamnyamazisha, hanyamazi. Ndiyo. Ndiyo, mama, nitamleta nyumbani mwezi ujao."

Nduta alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi mkononi, macho makavu.

Lorine akaweka simu kando ya sahani, akaendelea kutoa miiba.

"Siku kilio kikikuja kweli," alisema bila kuinua kichwa, "hata kama ni usiku, unipigie. Sitaki kuwa nimemdanganya mama yangu bure."

"Sawa," Nduta akasema, akamwongezea mchuzi.