Aliyepiga deki mahakamani sasa ni mkalimani wa viziwi

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mkalimani anaingia chumba namba mbili cha mahakama na kusogeza kiti chake mbali na dirisha. Mwanga ukimpiga mgongoni, mshtakiwa hataona vidole. Anavua bangili, anazitia mfukoni, anakunja mikono ya blauzi yake nyeusi.

"Bangili zinapiga kelele hata kwa kiziwi," anasema akicheka. "Macho yake yatafuata mng'aro, maneno yatampita."

Mshtakiwa wa leo ni muosha magari, baba wa watoto wawili, kiziwi tangu kuzaliwa. Anadaiwa kuiba redio ya gari. Karani anasoma shitaka taratibu, mkalimani analichora hewani. Mshtakiwa anakata hewa kwa kiganja, mara moja tu.

"Si kweli, Mheshimiwa," mkalimani anasema.

Majirani humwita Mama Vidole. Ana miaka hamsini na miwili, na lugha ya alama aliinyonya na maziwa: mama yake ni kiziwi, naye tangu ana miaka mitano ndiye aliyekuwa akimsemea dukani na hospitalini. Ila mahakamani hakuletwa na lugha. Aliajiriwa kupiga deki.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa na ndoo kwenye korido, alimwona mwanamke akilia huku mikono yake ikisema. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, kiziwi kama yeye, alikuwa kizimbani kwa wizi wa pampu ya maji. Shitaka lilisomwa kwa sauti, fundi akaitikia kwa kichwa, karani akaandika "kweli". Ilibaki adhabu tu.

"Sikungoja kuitwa," anakumbuka. "Nikaacha ndoo pale pale, nikaingia na ndala zangu zimelowa. Nikasema, 'Mheshimiwa, nisamehe. Huyu hajasikia hata neno moja. Anaitikia kwa sababu umemtazama. Ni heshima tu.'"

Hakimu akamkazia macho juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Mpiga deki, Mheshimiwa."

"Haya, muulize kama anajua yuko hapa kwa nini."

Fundi akajibu kwamba alidhani amekamatwa kwa kuchomelea barabarani bila kibali. Hakimu akafuta lile "kweli" na kuagiza shitaka lisomwe upya, safari hii mbele ya mikono ya mpiga deki. Fundi akakana. Wiki tatu baadaye shahidi alikiri kwamba uso wa mwizi hakuuona, na fundi akaachiwa huru. Mpiga deki akapelekwa mafunzoni.

Kazi ina majaribu yake. Asubuhi hii mama wa muosha magari alimvuta pembeni. "Mdogo wangu, akijibu vibaya, mpindishie kidogo."

"Dada, nikimpindishia leo, kesho nani ataniamini? Wakili anaye. Mimi nabeba maneno yalivyo."

Gumu kuliko yote, anasema, ni haki ya kukaa kimya. "Mtu hajatamka neno maishani, utamwambiaje anyamaze?" Yeye humwonyesha mshtakiwa aweke mikono mapajani: ikikaa hapo, hakuna anayeruhusiwa kuihesabu kuwa kosa. Kisha humweleza kwamba bado hana hatia, na kazi ya kuthibitisha ni ya anayemshtaki.

Saa sita kesi inaahirishwa, muosha magari anapata dhamana. Mama yake, aliyenuna tangu asubuhi, anamshika mkalimani mabega kwa mikono miwili.

Mwezi ujao Mama Vidole ataanza kufundisha polisi alama arobaini, kila Jumamosi. Kumi na wawili wameshajiandikisha.

"Huyu kijana alikaa mahabusu siku mbili hajui kosa lake, mpaka nilipoitwa," anasema. "Nataka askari amwambie kiziwi pale pale anapomkamata: tunakukamata kwa hili, na wakili ni haki yako. Wasinisubiri mimi. Nikikosa kazi kwa ajili hiyo, nitalala mpaka saa nne, na roho yangu kwatu."