Rahab na Wanaume wa Saa Nne Kamili

"Mimi siogopi kitu chochote kinachovaa soksi!" Rahab aliyasema hayo katika kanisa la Wakenya la Maple Grove, Marekani, maiki mkononi, na wazee wa kanisa wakaangalia viatu vyao.

Rahab ni msaidizi wa wauguzi. Kwa miaka kumi na tisa amewaogesha wazee wa makao ya kutunzia wazee ya Golden Valley, wengine wakimtukana huku wakimwomba awasugue mgongo. Wiki ile mtu alikuwa amebandika picha ya mbwa mwitu kwenye mlango wa kanisa, na chini yake: Rudini kwenu. Rahab akaipiga picha, akamtumia mpwa wake Joan aliyeko Ujerumani. Joan akajibu kwamba mbwa mwitu yuleyule yuko kwenye kituo chake cha tramu, ila huko anaongea Kijerumani. Watu wanaochukia wahamiaji, na kibandiko chao kimevuka Atlantiki bila viza!

"Sista, ile nyama choma ya kanisa, ya kila mwaka bustanini, tuiahirishe," Solomon, mwenyekiti wa kamati, akamsihi. "Hao wa mbwa mwitu wameandika mtandaoni kwamba watakuja."

"Tukijificha mwaka huu, mzee, mwakani watatukataza kuimba. Mimi nitakuwepo, hata kama nitamla huyo mbuzi peke yangu."

Tangazo lilisema saa nne asubuhi. Kila Mkenya aliyelisoma alielewa saa saba. Wale wa mbwa mwitu hawakuelewa hivyo. Saa nne kamili wanaume saba waliofunika nyuso walikuwa mbele ya banda la bustani lililokodiwa na kanisa, na bango lao, simu tayari kurekodi. Mtu wa kutishwa alikuwa mmoja tu: Rahab, ambaye kazi za shifti zimemharibu, siku hizi anafika kwa wakati.

Akainama, akawasha makaa.

"Rudi kwenu!" mmoja akapaza sauti.

"Kwangu ni dakika kumi kutoka hapa. Wewe umetoka wapi, baba?"

Gari lao lilikuwa na namba za Idaho, jimbo la mbali sana.

"Basi wa mbali ni nyinyi. Sogeeni, mnaniziba upepo."

Hawakusogea. Wakaimba kaulimbiu zao. Rahab akageuza mbavu. Jua la Julai likapanda, barakoa zikalowa jasho, na umati wa kutishwa haukutokea. Saa sita na nusu wakakunja bango, wakaondoka.

Nusu saa baadaye magari yakaanza kumiminika, Solomon mbele, akilaumu foleni.

Jumatatu Rahab alilipia banda lilelile kwa mwaka ujao, siku nzima. Dola mia mbili na kumi.