Kikunjio Kilichonuka Samaki

Mpaka leo nikishona ukingo wa kofia huwa nageuza uso pembeni kidogo, kama mtu anayepita karibu na shimo la taka. Wateja wanadhani ni mkao wa kifundi. Ni kinyaa tu. Kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu mbili kando ya sindano yangu kiliwahi kukaa miezi ndani ya magamba na matumbo ya samaki. Nimekichemsha, nimekisugua kwa majivu, nimekiloweka kwenye maji ya ndimu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Wengine wananiambia hakina harufu yoyote. Pua yangu haijakubali.

Mama alikiita kikunjio. Kimeviringishwa kama karatasi ya muuza karanga, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili. Unaingiza utepe wa kitambaa kule kwenye upana, nao unatokea kwenye wembamba ukiwa umejikunja kingo zote mbili na kuukumbatia ukingo wa kofia, na sindano inaudaka hapo hapo. Bila kikunjio unakunja kwa vidole. Kwenye pindo la gauni vidole vinatosha. Lakini ukingo wa kofia ni mduara, na kwenye mduara kosa dogo linaonekana hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara.

Mama alishona pama, kofia pana za shambani, pale pale nyumbani kwetu Viwanja Sitini, Ifakara. Juu na chini kitambaa cha kaki, katikati kipande cha jinzi ya mtumba ili ukingo usilale machoni. Wanunuzi wake walikuwa watu wa mpunga. Msimu wa kuamia ndege mtu anakaa juu ya dungu tangu alfajiri, anapiga kelele na kurusha udongo mpaka ndege waende kulala, na jua lote la bonde linamshukia kichwani. Anayejua kazi hiyo hanunui kofia ya urembo.

Baba alitangulia nikiwa darasa la sita. Mama alianza kuumwa nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule ili nimuuguze, na katika kumuuguza ndipo nilipojifunza kushona. Yeye amelala mkekani, mimi niko kwenye cherehani, anasikiliza.

"Hapo umevuta," alikuwa akisema bila kufumbua macho. "Usivute. Kiache kijilie chenyewe."

Jioni ilikuwa lazima nikifungue kikunjio, nikipake mafuta, nikiweke kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo na sindano. Ndivyo alivyotaka. Siku alipofariki nilikuwa nimekiweka humo kama kawaida, na katika vilio na wageni nikakisahau kabisa.

Siku ya kuondoa tanga ndugu walikaa uani kwetu na vitu vya mama vikatandazwa mkekani. Najua ni desturi, na sina ugomvi na desturi. Vitu vya marehemu hugawanywa ili kila aliyempenda abaki na cha kumkumbukia. Kilichonitia kichefuchefu ni namna walivyofanya. Walikuwa wametoka kula kuku wetu wa mwisho. Midomo yao iling'aa mafuta. Baba mdogo alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, na kila akipata kitu anakitazama kwanza, kisha anakila. Masufuria makubwa yakaenda kwa mama mdogo. Baiskeli baba mdogo akaichukua yeye mwenyewe. Kisha, kwa sauti ile ile ya kugawa vyombo, njiti ikiwa bado mdomoni, akasema, "Sasa hawa watoto."

Tulikuwa wanne. Mimi wa kwanza, wadogo zangu wawili wa kiume, na kitindamimba wetu wa kike ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili. Mmoja apande Mahenge kwa baba mdogo. Mmoja aende kwa mama mdogo na masufuria yake. Shangazi, dada yake baba, ambaye anakaanga na kuuza samaki kando ya mto, kule Kivukoni, hakungoja kuambiwa. Alinyoosha mkono akamshika mdogo wangu wa kike juu ya kiwiko, akamminya kama mtu anayepima kuku mnadani.

"Huyu ataniparia samaki," alisema. "Vidole vyake vyembamba."

"Hawaendi popote," nilisema.

Mama mdogo akaangalia chini.

"Utawalisha nini?" baba mdogo akauliza. "Kofia?"

Wakacheka. Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

"Ndiyo, baba mdogo. Kofia."

Cherehani wasingeweza kuigusa, maana mama alinikabidhi mbele ya katekista akiwa na akili zake timamu. Baba mdogo alilijua hilo. Alitema njiti. "Haya. Mpaka mavuno. Tutakuja baada ya mavuno. Tukikuta mnalala njaa, kila mtu anabeba mzigo wake."

Mzigo ndio sisi.

Walipokuwa wanaondoka, shangazi akainama akachukua kopo la biskuti. "Na hili nalichukua, la kumkumbukia wifi yangu." Sikujali. Akilini mwangu kopo lile lilikuwa na vifungo tu. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu mkono na macho yangu yalikuwa langoni, nikihesabu hatua zao.

Siku nilipopata kazi ndipo nilipojua nimefanya nini. Alikuja mama mmoja wa Michenga, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima pamoja. Walitaka pama kwa ajili ya kikundi kizima kabla ndege hawajaanza kushuka, na malipo yawe mpunga, wakishavuna. Nishone tatu kwanza waone. Nikafungua skrubu, nikageuka kuchukua kopo, mkono wangu ukakuta ubao mtupu.

Nilizishona zile tatu kwa kukunja na vidole. Nilizipiga pasi, nikazipiga tena. Nilizunguka kwa mafundi wa mjini kutafuta kikunjio kingine. Vilivyokuwepo ni vya cherehani mpya za umeme, matundu yake ya skrubu hayalingani na ya cherehani yetu ya miguu. Mwenyekiti alipokuja na wenzake wawili, aliichukua kofia ya kwanza, akaiweka kwenye kiganja, ikalala upande.

"Mwanangu," alisema, "hii kofia, au sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe?"

"Mwache mtoto wa watu," mwenzake akadakia. "Inafaa. Ukiivaa hiyo ndege hawaruki, wanakuja kutaga."

Walicheka, lakini mwenyekiti alipoacha kucheka aliniambia kwa upole kuliko nilivyotaka. "Ukingo wa mama yako ulikuwa umetulia kama sahani. Nakuja Jumapili ijayo. Ukiwa hivi hivi, mwanangu, tutanunua za mitumba. Sisi nasi tuna vichwa."

Kesho yake nikaenda Kivukoni. Tangu daraja lijengwe hakuna tena foleni ya kungoja pantoni, ila kina mama wa samaki wamebaki, na shangazi ana benchi lake karibu na maji. Nilisikia harufu kabla sijamwona. Ardhi pale ilikuwa inateleza. Magamba yalikuwa yameganda miguuni mwake mpaka kwenye magoti, yamekauka, yanameta, na nzi walitembea juu yake bila yeye kuhangaika. Pembeni palikuwa na ndoo ya matumbo, mbwa wawili wameikodolea macho. Na mkononi, akimkwangua perege kuanzia mkiani, alikuwa ameshika kikunjio cha mama.

Ule mdomo mwembamba uliokuwa ukitoa utepe safi ulikuwa unaingia chini ya magamba. Yakijaa ndani, anakigonga ukingoni mwa benchi, uji wa magamba na damu unamwagika, anaendelea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Alichungulia nyuma yangu. "Umemleta?"

"Nimefuata hicho chuma."

"Chuma gani?"

"Hicho ulichoshika."

Alikiinua, akajifuta pua kwa mkono ule ule. "Hiki? Hiki kipario changu. Wifi yangu naye, alikuwa na kitu kizuri hivi anakifungia kwenye kopo kama dhahabu."

"Ni cha cherehani, shangazi. Kinakunja ukingo wa kofia."

Mwanamke wa benchi la jirani akaangua kicheko. "Toka lini chuma kikavaa kofia?"

"Nimekirithi," shangazi alisema, na akarudi kwa perege wake. "Mimi sijui cherehani. Nikikupa, nitaparia nini, kucha? Ukikitaka sana, nipe yule mdogo. Yeye ndiye atakuwa kipario changu. Chuma kwa mtoto. Huoni nakupendelea?"

Aliyasema hayo bila hasira wala mzaha, na hilo ndilo lililonishinda. Ningeweza kuvumilia mtu mbaya. Huyu alikuwa mtu wa kawaida anayebadilishana vitu sokoni, na mojawapo ya vitu hivyo alikuwa mdogo wangu. Nilikwenda kando, nikatapika nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Mbwa mmoja hakungoja hata niondoke, akaja kulamba.

Niliposimama pale nikijifuta mdomo ndipo nilipomtazama vizuri akifanya kazi. Kikunjio hakikuwa kinampendeza. Kilikuwa kinamchosha. Kilijaa haraka, kiliteleza, kilimkata kidole gumba. Alikuwa akikitumia kwa sababu hakugharamia kitu kingine.

Nilikwenda kwenye kibanda cha soda nikaokota vizibo vilivyotapakaa mchangani. Kwa fundi aliyekuwa anachonga makasia nikaomba kipande cha ubao na misumari, akanipa na nyundo. Nikavigongomea vizibo kwenye ubao vikiwa vimelala chali, meno yake juu, safu mbili. Kisha nikarudi, nikaketi kwenye kigoda cha shangazi bila kukaribishwa, nikavuta beseni. Nilipara perege kwa ule ubao mchana kutwa. Magamba yaliniruka usoni, yakaingia kwenye nywele, moja likanibandika kwenye mdomo nikalitema. Beseni lilipokwisha, shangazi akanyoosha mkono.

"Lete."

Alijaribu samaki mmoja, kisha wa pili.

"Hiki kinapara," akasema.

Akakitupa kikunjio kwenye ndoo ya matumbo. "Haya, chukua chuma chako. Ila mavuno yakifika nakuja."

Nilizamisha mkono mle ndani mpaka kwenye kiwiko. Vuguvugu lake sijalisahau. Kulikuwa na vitu vinavyoteleza kati ya vidole vyangu kama vinanitafuta, na nilifumba macho nikapapasa mpaka nikagusa kitu kigumu. Mwanamke wa jirani, nadhani kwa huruma, alinipa jani la mgomba nikifungie. Bodaboda wawili walikataa kunipakia. Nilitembea hadi Ifakara.

Mdogo wangu wa kike, akiwa ameshika pua, alinikuta jikoni nimeinamia sufuria.

"Dada, unapika nini?"

"Kofia."

Ule mdomo wa kikunjio ulikuwa umepinda. Niliunyoosha kwa msumari na jiwe, kidogo kidogo, nikijaribu na utepe kila mara, mpaka ukapita. Haujawahi kuwa kama zamani. Mahali pamoja unakaba kidogo, kwa hiyo kila kofia yangu ina mkunjo mmoja mdogo ambao za mama hazikuwa nao. Lakini ukingo ulitulia. Nilikiacha kijilie chenyewe.

Jumapili mwenyekiti alizungusha kofia mkononi, akaipeleka karibu na uso, akarudisha kichwa nyuma.

"Ukingo ni wa mama yako. Lakini mbona unanuka kama mnada wa samaki?"

"Jua litaitoa harufu, mama."

"Na lisipoitoa?"

"Basi ndege watakimbia zaidi."

Akacheka, akakata shauri. Nilishona mpaka kofia ya mwisho ya kikundi. Baada yao wakaja wengine wa upande ule ule wa bonde, ambao hawakuuliza harufu.

Ndugu walikuja baada ya mavuno, kama walivyoahidi. Viroba vya mpunga vilikuwa vimepangwa ukutani kuanzia mlangoni. Baba mdogo alichomeka kidole kwenye kimoja, akatoa punje, akaimenya kwa kucha, akaila. Akafunua sufuria jikoni. Akawatazama wadogo zangu miguu na mashavu kama mganga wa mifugo. Shangazi hakutazama viroba. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu wa kike, akamshika pale pale, juu ya kiwiko.

Mtoto hakulia. Alinusa tu, akanigeukia. "Dada, mkono wa shangazi unanuka kama kile chuma ulichopika."

Baba mdogo alicheka peke yake, kicheko kifupi. Kisha akasema, "Mwache. Wamekula hawa. Wabaki."

Hakuna aliyeomba radhi na sikuingojea. Walikula wali wetu. Wakati wa kuaga, shangazi aliichukua pama moja mezani, akaipiga piga, akasema jua la Kivukoni linamuua, na yeye ndiye aliyenipa kile chuma, au nimesahau?

Sikusahau. Nilimchagulia nyingine, iliyotoka vizuri kuliko zote, nikampa kwa mikono miwili kama tulivyolelewa. Alipokwisha kutoka langoni nilikwenda nyuma ya nyumba kunawa kwa majivu. Nikamwita na mdogo wangu, nikamnawisha mkono, pale juu ya kiwiko.