Perege wa Bi Rukaiya

Bi Rukaiya wa Bububu hajapata kuiba hata ndimu ya jirani, lakini mwaka jana wanawake wa kikundi chetu walimfanya mwizi. Nilikuwepo, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Yeye ndiye mlezi wa bwawa letu la samaki tangu lilipochimbwa. Perege walianza wakubwa, mmoja anajaza sahani. Mwaka hadi mwaka wakapungua, mpaka wakafika kiasi cha kiganja. Badria, mwenyekiti wetu, akaanza kunong'ona kwamba chakula cha samaki kinauzwa kwa wafuga kuku. Maneno yakaenea. Bi Rukaiya akiingia dukani watu wananyamaza. Mjane yule hana mali wala mtoto, ana jina lake jema tu, na ndilo walilokuwa wakilitafuna. Alikonda mpaka nikamwogopea.

Mwenyewe akaenda kumwita bwana samaki, kijana anaitwa Ubwa. Alipima maji, akakagua chakula, akasema vyote sawa, wala samaki hawajabanana.

"Wale wakubwa huwa mnawafanya nini?" akauliza.

"Wa maulidi," akajibu Bi Rukaiya. "Mgeni hapewi samaki mdogo. Kila mwaka nnawachagua kwa mkono wangu."

"Na wanaobaki kuzaa?"

"Wadogo."

Ubwa akashusha pumzi. "Bi Rukaiya, pono na changu kule baharini wanaishi mwamba mmoja. Mbona pono ana mdomo wa kasuku na changu hana? Kila mmoja kautoa kwa wazazi wake, umo kwenye vinasaba. Ukubwa nao unarithiwa. Wenye mbegu ya kukua mmewala, mkawaacha waliodumaa wazae. Akitokea mkubwa sasa, msimguse."

Badria alikuwa pale, kasikia yote, nikadhani ataomba radhi. Wapi! "Kumbe ndiye aliyetuharibia bwawa," akasema, akaenda zake. Bi Rukaiya akakaa ukingoni akalia. Kuchagulia wageni kilicho bora ndiko alikojivunia maisha yake yote.

Maulidi yakafika. Wavu ulipovutwa wakatokea wachache wanono, na Badria kasimama na beseni. Bi Rukaiya akawashika mmoja mmoja, akawarudisha majini.

"Wageni wanatoka mjini! Utatutia aibu!"

"Nshasema. Hawa wa kuzaa."

Wageni wakaletewa vijisamaki vya miba mitupu. Mama mmoja wa Malindi, kule kule mjini, akauliza kwa sauti kama Bububu siku hizi kuna njaa. Badria akamnyooshea kidole Bi Rukaiya mbele ya watu wote: "Mchoyo ni yule pale."

Nilimfuata jikoni nimpoze. Alikuwa akiosha sahani.

"Uwizi walinizulia," akaniambia. "Uchoyo huu wangu kweli, na mwakani nitaufanya tena."