Mishea ya Mama Zam

Abdunoor, mtoto wa askari wa Midia kule Koboko, alianza kwa kutengeneza redio sokoni. Baadaye alikaa miaka sita katika chumba cha kupanga Ediofe, mjini Arua, akiunda na wenzake kamera ya kufungwa chini ya ndege. Kamera hiyo iliupasua mwanga wa majani ukawa mamia ya rangi, nyingi zisizoonekana kwa macho, na humo wakasoma kama mti una maji au unakauka.

Mwezi wa pili ndege ilipita juu ya Midia. Picha zikaonyesha mishea, miti ya mbegu za mafuta, inakauka ingawa ingali kijani, pamoja na kumi na mmoja ya mama yake, Zam, aliyemsomesha kwa kuuza mafuta ya miti hiyo. Abdunoor hakungoja. Akapiga simu.

"Mama, miti yako iko nakufa."

"Wewe umeona?"

"Mashine imeona."

Zam akaamini. Akaita wachoma makaa waikate kabla haijaoza. Majirani nao wakakata ya kwao.

Wiki tatu baadaye akaja Marcelline, mtaalamu wa mimea kutoka upande wa Kongo, aliyechuma majani Midia siku ileile ya ndege ili kuihakiki kamera. Aliyapima uzito yakiwa mabichi, akayakausha, akayapima tena.

"Maji iko, tena mingi," alisema. "Abdunoor, kamera yako ilipata joto?"

Ilipata. Feni ya kuipoza ilisimama angani, rangi zikasogea, vipimo vikapotoka. Siku ile Abdunoor aliiona namba ya joto kwenye kompyuta, akajiambia haidhuru. Hata kipimo cha pili cha kuihakiki kamera juu ya kitambaa cheupe kwenye uwanja wa ndege hakukifanya.

Siku hiyohiyo alikwenda Midia. Visiki vilikuwa na utomvu mweupe ulioganda.

"Mama, mashine ilikosea. Hapana. Mimi ndiye nilikosea."

Zam aligusa kisiki kimoja. "Kupanda mingine, itazaa baada ya miaka ngapi?"

"Kama ishirini."

"Mimi iko na miaka sabini na moja," alisema, akaingia ndani.

Feni ilibadilishwa. Mwezi wa nne kamera ikaruka tena, ikapima vizuri, wenzake wakapeana mikono. Abdunoor alifungua picha ya Midia, akaifunga. Siku hizi Zam hununua mafuta ya chupa dukani. Mwanawe akipiga simu, mama huwaulizia wajukuu, kisha hukata.