Mikono ya Ofir

Ofir Lucumí alinifukuzia wateja kwa vidole vyake. Nilimwajiri aoshe nywele katika saluni yangu hapa Barrio Obrero, mjini Cali, kwa sababu baba yake ni jirani yangu na kwa sababu hakuna mwingine aliyemvumilia. Kwenye duka la mikate walimchoka, kwenye kiwanda cha sabuni walimchoka. Msichana hakuweza kutulia. Akishika kichwa cha mtu, badala ya kukisugua anakipiga ngoma, na mteja anainuka kwenye beseni na kizunguzungu.

"We Nelcy," Mama Ruby aliniuliza siku moja, kashika masikio, "nimekuja kuoshwa nywele au kupigwa?"

"Vumilia, mama. Wenzio wanalipa kiingilio kusikia hayo."

Sikuwa natania sana. Ofir alipiga tumba, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, kwenye harusi na sherehe za mtaani, na aliijua tangu utotoni, katika kilabu cha dansi cha baba yake, mzee Fanor, ng'ambo ya barabara. Na huko kutotulia kwake sote tulijua kulikotoka. Ofir alikuwa na miaka tisa mama yake, Aleyda, alipopanda basi kwenda Caracas, ng'ambo ya mpaka, kutafuta maisha, kama walivyofanya wengi wakati ule. Alisema atamwita mtoto. Hakumwita, wala hakuandika. Mimi nilikuwa rafiki yake, nilimtengeneza nywele asubuhi ile ile ya safari, na nasema wazi kwamba sikumsamehe.

Tulikuwa na fununu moja tu. Kila aliyerudi kutoka Caracas alisema hajui Aleyda anaishi wapi, ila Nango Villafañe akiimba mjini, Aleyda yuko mbele kabisa, kang'ang'ania uzio. Alimpenda mwimbaji huyo wa Puerto Rico kuliko alivyotupenda sisi. Ofir alilishika jambo hilo kama mtu anavyoshika ufunguo. "Siendi Caracas kuzurura na kuuliza milango," alikuwa akisema. "Nitakwenda nikiwa jukwaani nyuma ya Nango. Atake asitake, ataniona." Tulimcheka. Nango alikuwa na wapigaji wake, na hakuwa na haja ya mwosha vichwa.

Desemba ile, katika sikukuu za mji, Nango akaja Cali. Ilikuwa ziara yake kubwa. Alishapita New York na Mexico, na akitoka kwetu alikuwa anakwenda Lima, Panama, kisha Caracas. Kabla hata hajaimba, mpiga tumba wake aliteleza kwenye ngazi za hoteli akavunjika mkono. Redio ikatangaza kwamba anatafutwa mtu wa kumalizia ziara, anayezijua nyimbo zote za Nango.

Ofir alikuwa na kichwa cha Mama Ruby mikononi. Akakiacha na povu lake.

Nilimfuata mbio na ndala zangu hadi ukumbi wa hoteli. Walikuwapo vijana kadhaa na tumba zao, na walipomwona mwanamke, aproni imelowa, wakaanza kukonyezana. Nango alikuwa mtu mnene, mpole, anakunywa maji ya limau. Alipomwita Ofir akachagua wimbo wake mashuhuri, "Bado ya Moto". Nikamshukuru Mungu. Wimbo ule Ofir aliujua kabla hajajua kuvaa viatu.

Bendi ikaanza. Ofir akaanza. Na hapo hapo wakaachana. Yeye alikuwa amefika kwenye kiitikio, wenzake bado wanaingia ubeti wa kwanza. Wakaanza upya. Akajizuia, nilimwona anavyojiuma mdomo, lakini mikono ikachomoka tena kama mbuzi aliyeona shamba la mahindi. Tarumbeta zikanyamaza. Wanaume wakacheka.

"Binti," Nango aliuliza, "nani anakukimbiza?"

"Hakuna anayenikimbiza. Nyinyi mnajikokota!"

"Wimbo ni wangu, mama. Nimeutunga mwenyewe. Umeusikia wapi ukienda hivyo?"

"Kwenye santuri yako!"

Hapa sina budi kuwaumbua watu wa Cali, nami nikiwamo. Santuri za Nango zilitengenezwa zizunguke polepole. Sisi tulizipandisha kwenye kasi ya zile santuri ndogo zinazozunguka haraka, kwa sababu wachezaji wetu walipenda miguu iwake. Mwimbaji anatoka na sauti ya bata, lakini nani alikuja kilabuni kusikiliza maneno? Mzee Fanor anaapa kwamba yeye ndiye wa kwanza kuigusa swichi ile ya kasi. Kila mwenye kilabu mjini anaapa hivyo hivyo. Ofir alizaliwa ndani ya mwendo huo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kuna mwingine.

Nango hakumfukuza. "Mkono unao," alimwambia. "Miguu ya mkono ndiyo sina uhakika nayo. Rudi kesho asubuhi. Ukija unatembea, tunakwenda wote."

Njia nzima ya kurudi Ofir alikuwa akipiga teke kila kopo. Kilabu kilikuwa kimefungwa mchana ule, na Fanor alikuwa anafuta vumbi la santuri zake.

"Baba, weka 'Bado ya Moto'. Kwa mwendo wake."

"Mwendo wake upi? Huo ndio mwendo wake."

"Wake, baba! Si wako."

"Katika nyumba hii haijapigwa kama maziko, na haitapigwa leo."

"Wewe mzee," nikaingilia, "mtoto anataka kwenda kumwona mama yake, wewe unalinda swichi? Sogea huko!"

Hakusogea. Alisimama mbele ya kinanda cha santuri, kitambaa mkononi. Kisha akasema, bila kututazama, "Aleyda naye alikuwa ananiomba hivyo hivyo. Kila tukifunga kilabu. 'Fanor, niwekee ule wimbo taratibu, mara moja tu.' Nikawa namcheka. Namwambia, nikikuzoesha wewe, kesho wachezaji watanikimbia."

Akaishusha swichi mwenyewe.

Sikuutambua wimbo. Sauti ya bata ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito, aliyechoka. Kwa miaka yote ile tulikuwa tumeurukia na kuupigia vigelegele, kumbe ni mtu anamsihi mkewe aliyesimama mlangoni: usikimbie, mpenzi, keti kidogo, kahawa bado ya moto. Hakuna zaidi. Anamsihi hivyo mpaka mwisho, na mwishoni anakunywa kahawa peke yake.

Fanor alijifunika uso na kitambaa cha vumbi. Nami roho iliniuma, maana nilikumbuka Aleyda akiniambia kwamba nyumba ile haina mtu wa kukaa naye, wote wanacheza. Siku ile nilimwambia aache deko. Ofir alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, vidole vyake havikucheza.

"Rudia," alisema.

Jioni nzima walirudia, baba anarudisha sindano, binti anapiga tumba huku anahesabu pumzi. Mikono ikitaka kukimbia, Fanor anamwambia kwa upole, "Keti, binti yangu." Asubuhi alikwenda hotelini, akapiga anatembea. Nango akamwambia meneja amtafutie pasipoti haraka.

Siku ya kuondoka aliingia saluni akiwa amevaa koti langu la kuazima, anazunguka kati ya viti, anashika hiki, anaacha kile.

"Dada Nelcy, nikifika atanijuaje? Aliniacha nina mapengo."

Fanor, aliyesimama mlangoni na sanduku, ndiye aliyejibu. "Ule wimbo utaupiga vizuri, kama alivyotaka yeye. Halafu katikati ukimbize kidogo. Kidogo tu. Caracas nzima hakuna mwingine atakayejua huo ni mwendo wa wapi."

"Nango atanifukuza."

"Akufukuze. Utakuwa umeshafika."

Onyesho la Caracas lilikuwa Jumapili mchana, katika uwanja wa kupigana na ng'ombe, na redio yetu ililirusha moja kwa moja kwa ajili ya msichana wa Cali. Barrio Obrero yote ilijaa kilabuni. Mimi sikuweza kukaa. Nilifagia palipokwisha kufagiwa. Fanor alikuwa na sikio lake kwenye redio, na kila aliyekohoa alitazamwa vibaya.

Zikapita nyimbo nyingi. Kisha tarumbeta zikaingia na "Bado ya Moto", taratibu, na chini yake tumba ya Ofir inatembea kwa heshima. Ubeti wa kwanza, wa pili. Mama Ruby akanong'ona, "Mbona analala huyu?" Nikamfinya. Na mara tumba ikachomoka. Ilikimbia peke yake, kiCali kabisa, mwendo wa sakafu ile ile tuliyosimama, hata miguu ya watu ikaanza kucheza bila kuombwa. Tukamsikia Nango kwenye kipaza sauti, anacheka, "Nani anakukimbiza tena, binti?"

Halafu tumba ikanyamaza.

Bendi iliendelea, piano ikaendelea, Nango akaendelea kuimba keti kidogo, keti kidogo. Tumba haikuwapo. Mikono iliyonipigia wateja vichwa, isiyonyamaza hata kanisani, ilikuwa imenyamaza mbele ya uwanja mzima. Machozi yalinitoka, mimi niliyesema sikumsamehe.

"Amemwona, mzee," nilimwambia Fanor. "Kashuka jukwaani, nakuapia. Amemwona."

Fanor hakuinua kichwa kutoka redioni.

"Nyamaza, Nelcy," alisema. "Waache wakae."