Aliyejifunza Kudunga Kwanza

Jumatatu, nikisubiri kufungwa kidonda katika zahanati moja ya Kibera, niliwaona wanawake wawili wakigombania sindano.

Mmoja alikuwa mama, amekuja na mtoto wake wa miaka minne aliyegunduliwa majuzi kuwa na ugonjwa wa sukari. Mwingine alikuwa mama mwenye nyumba wake, mwanamke mzee wa mtaa wa Makina. Mama mtoto alipoogopa kumchoma mwanawe, mzee ndiye aliyejifunza kudunga, na kila asubuhi huingia chumbani kwao na sindano.

"Siku hizi mtoto akiamka anakuulizia wewe," mama mtoto alimwambia. "Hata uji wangu hataki mpaka uje. " Akamgeukia muuguzi. "Sista, nifundishe mimi."

Sista alimpa chungwa ajaribie. Alilidunga mpaka likamchuruzikia mkononi, ndipo akapewa sindano yenye dawa. Mzee alinyoosha mkono amshikie mtoto paja, mama mtoto akamsukuma kwa kiwiko.

Sindano ilipoingia, mtoto alipiga yowe.

"Kwangu huwa halii," mzee alitutangazia sote benchini.

Lakini baada ya yowe, mtoto alijificha kifuani mwa yule yule aliyemdunga. Hapo nikauona wivu ukihama kutoka kwa mwanamke mmoja hadi kwa mwingine. Kila mtu hutuhimiza tuwasaidie wazazi kulea. Hakuna anayetuonya kwamba mtoto wa watu itabidi tumrudishe.

Mzee alibaki ameshika chungwa lenye matundu. "Na kesho? Nisije?"

Mama mtoto alimfuta mtoto machozi.

"Njoo," akasema. "Lakini upige hodi."